Je, Wajua? Samaki Yumo "In", Mvuvi Yuko "On", Mchuuzi Yupo "At"

Vihusishi vya Kiingereza ni vifupi, lakini vinawatoa jasho wanafunzi kuliko msamiati mrefu wa kidato cha sita. Leo tumevileta mwaloni, stendi na kivukoni hapa Mwanza tuone jinsi vinavyofanya kazi. Kanuni itakayotubeba hadi mwisho ni hii: usitafute tafsiri ya "katika", tazama Mwingereza anakionaje kitu. Akikiona kama chombo chenye ndani, atasema "in". Akikiona kama uso au mstari, atasema "on". Akikiona kama nukta tu, atasema "at".

MAHALI

1. Je, wajua kuwa vyote vitatu vimo kwenye maneno 20 yanayotumika zaidi katika Kiingereza? Katika orodha maarufu iliyotokana na hazina ya maandishi ya Oxford, "in" ni la 7, "on" la 14 na "at" la 20. Mtu anaweza kumaliza mwaka bila kuandika "parliament", lakini hamalizi aya bila "in". Ndiyo maana kosa dogo la kihusishi huonekana kila mahali kwenye insha.

2. Kiswahili hufanya kazi hiyo yote kwa herufi mbili. Samaki yupo *majini*: "in the water". Sahani ipo *mezani*: "on the table". Mgeni yupo *mlangoni*: "at the door". Mama anakwenda *sokoni*: "to the market". Baba anatoka *shambani*: "from the farm". Kiambishi ni kilekile, -ni, na Kiingereza kimetoa vihusishi vitano. Anayetafsiri neno kwa neno lazima apotee njia.

3. Hata hivyo, tofauti hizo tunazo mdomoni. Mswahili hasemi "yupo", "yuko" na "yumo" kwa kubahatisha. "Yumo" hudai pawe na ndani, na mara nyingi hukutana na "in". "Yupo" huonyesha mahali mahsusi, na mara nyingi hukutana na "at". "Yuko" ni eneo la jumla. Vivyo hivyo tunasema mwaloni *pamejaa*, *kumejaa* au *mmejaa*, na kila moja ina picha yake. Jihadhari tu na vighairi: jina likiwa *limo* kwenye orodha, Mwingereza atasema "on the list", kwa sababu orodha kwake ni karatasi yenye uso.

4. Ng'ambo ya ziwa, Waganda wana utatu wao. Luganda husema *e Kampala* kwa "at Kampala", *ku mmeeza* kwa "on the table" na *mu nnyumba* kwa "in the house". Kisukuma nacho hutanguliza viambishi vya mahali mbele ya nomino: *ha*, *ku* na *mu*. Kiswahili ndicho kilichohamishia alama yake mwishoni mwa neno. Kwa hiyo mtoto wa Kwimba au Magu anayeogopa vihusishi vya Kiingereza anaogopa jambo ambalo bibi yake hulifanya kila siku bila kufikiri.

5. Ziwa moja, vihusishi vinne. Sangara na sato wako "in the lake", kwa sababu wamezungukwa na maji. Mtumbwi uko "on the lake", kwa sababu unakaa juu ya uso wake. Mvuvi mwenyewe yuko "in the canoe, on the lake": mtumbwi ni chombo chenye ndani, ziwa ni uso. Familia iliyokwenda kupunga upepo Jumapili ilikuwa "at the lake", maana hapo ziwa ni mahali pa kwenda tu. Na mama lishe aliyepika ugali kando ya maji alikuwa "by the lake". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kosa, ila ukivibadilisha, mvuvi utakuwa umemzamisha.

6. "Mwanza is on Lake Victoria" haimaanishi mji unaelea. Kwa Mwingereza, ufuko ni mstari, na mji uliougusa mstari huo uko "on". Hivyo Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu zote ziko "on Lake Victoria". Uingereza kwenyewe miji huitwa hivyo: Shakespeare alizaliwa Stratford-upon-Avon, yaani kando ya mto Avon, na upo mji uitwao Southend-on-Sea. Hakuna aliyewahi kuogelea kwenda dukani huko.

7. Sentensi moja inaweza kubeba vyote vitatu. "Mwanza is in Tanzania, on Lake Victoria, at the southern end." Nchi ni chombo, ufuko ni mstari, ncha ya kusini ni nukta. Iandike ukutani na ubadilishe majina: utapata sentensi ya Bukoba, Musoma au Entebbe kabla chai haijapoa.

8. Ukisema kipimo chochote kwenye mizani ya namba, ni "at". Uso wa Ziwa Victoria uko "at about 1,134 metres above sea level". Daladala huenda "at 50 kilometres an hour". Sato huuzwa "at" bei fulani kwa kilo, lakini samaki mmoja uliyemnunua umemnunua "for" kiasi hicho. Na kwa sababu ya mwinuko wetu, maji hapa Mwanza huchemka "at about 96 degrees", hayafiki 100 kama yanavyofanya Dar es Salaam, usawa wa bahari.

9. Kisiwani ni "on", wilayani ni "in". Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Mkazi wake anaishi "on Ukerewe Island", lakini pia anaishi "in Ukerewe District". Kisiwa ni ardhi unayoikanyaga. Wilaya ni mipaka inayokuzunguka. Kisiwa kikiwa nchi, mipaka hushinda: husemwa "in Madagascar". Kwetu pia, mtu yupo "on Unguja" akikitaja kisiwa, na "in Zanzibar" akiitaja Zanzibar yenye serikali yake.

10. Saanane inaweza kuwa "on" na "in" kwa wakati mmoja. Kisiwa hicho kilicho jirani na Capri Point kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Mtalii akipanda boti kwenda huko anatembea "on Saanane Island" na wakati huohuo yuko "in Saanane Island National Park". Hajasogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni jina la mahali.

11. Mji mzima unaweza kugeuka nukta. Mkazi wa Tabora anaishi "in Tabora". Lakini treni ya reli ya kati inayokuja Mwanza husimama "at Tabora", kwa sababu machoni pa msafiri Tabora ni kituo kimoja kwenye mstari mrefu. Ukubwa wa mji si hoja. Hoja ni unautazama ukiwa wapi.

12. "In hospital" na "at the hospital" hutofautisha mgonjwa na mgeni. Katika Kiingereza cha Uingereza, aliyelazwa Bugando yuko "in hospital", bila "the". Ndugu aliyepeleka uji yuko "at the hospital". Ukiandika kwenye barua ya ruhusa kazini kwamba ulikuwa "in hospital", mkuu wako ataelewa ulilazwa. Mmarekani yeye husema "in the hospital" kwa mgonjwa.

13. Barabara huwagawa Mwingereza na Mmarekani. Duka lililopo Barabara ya Kenyatta ni "in Kenyatta Road" kwa Mwingereza wa kizamani na "on Kenyatta Road" kwa Mmarekani na kwa vijana wengi wa Uingereza. Ukitaja namba ya jengo, wote hurudi kwenye nukta: "at 14 Kenyatta Road". Kona nayo ina mambo yake: kona ya chumba ni "in the corner", kona ya barabara anaposimama mkaanga chipsi ni "on the corner" au "at the corner".

14. Daraja huhitaji "across" au "over". Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Ni "a bridge across the Mwanza Gulf". Gari linapita "over the bridge" au "across the bridge", na maji yanapita "under" daraja. Ukiwa umesimama katikati ukipiga picha, uko "on the bridge".

15. Kiingereza kina neno "off" kwa maji yaliyo karibu na nchi kavu. Wavuvi walio majini jirani na Ukara wanavua "off Ukara". Hawapo kisiwani, hawapo mbali, wapo majini upande wa huko. Kiswahili kingelieleza hilo kwa sentensi, Kiingereza kina herufi tatu. Msomaji wa habari za ziwa atakutana nalo kila mara.

SAFARI

16. Ukiweza kusimama na kutembea ndani ya chombo, sema "on". Basi, treni, meli na ndege: "on the bus, on the train, on the ferry, on the plane". Chombo cha kuingia ukiinama na kukaa palepale ni "in": "in a car, in a taxi, in a bajaji, in a canoe". Cha kupanda kwa kutanua miguu ni "on" tena: "on a bodaboda, on a bicycle". Na ile Hiace ya Nyegezi hadi Buhongwa uliyoingia ukiwa umekunjwa? Ni "on", kwa kuwa ni gari la abiria lenye njia yake, hata kama shingo inakataa.

17. "By" haipendi kuongezewa kitu. Sema "by bus", "by train", "by boat": bila "a", bila "the", bila wingi. Chombo kikishatajwa waziwazi, "by" huondoka. Machi 1875, Henry Morton Stanley aliondoka Kageye kwenye Ghuba ya Speke na kulizunguka ziwa zima "by boat". Boti hiyo iliitwa Lady Alice na ilikuwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Ukiitaja kwa jina, sentensi hubadilika: "He sailed round the lake in the Lady Alice."

18. "Kwa" moja ya Kiswahili ina watoto wengi Uingerezani. Kwa basi: "by bus". Kwa miguu: "on foot", kamwe si "by foot" kwenye mtihani. Kwa kisu: "with a knife". Kwa mwalimu: "at the teacher's". Kwa siku tatu: "for three days". Kwa Kiingereza: "in English". Kosa la "by English" hutoka hapo moja kwa moja: mtu ameishika "kwa" ya basi akaipeleka kwenye lugha.

19. Anayefika hafiki "to". "Arrive" huchukua "at" kwa mahali padogo na "in" kwa mji au nchi. John Hanning Speke aliliona ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858 akiwa karibu na ulipo mji wa Mwanza wa leo: "He arrived at the lake." Angekuwa anafika leo kwa ndege, tungesema "He arrived at the airport, in Mwanza". "Reach" haitaki chochote: "He reached the lake." Na jina alilolipa la malkia wa Uingereza? Ziwa ni "named after Queen Victoria". Msemaji wa Kiswahili hushawishika kusema "from".

20. "On time" na "in time" si ndugu. Kivuko cha Kamanga kikiondoka saa ileile iliyoandikwa, kimeondoka "on time". Wewe ukifika dakika tano kabla hakijang'oa nanga, umefika "in time". Kivuko kinaweza kuondoka "on time" na bado usifike "in time". Huo ndio msiba wa abiria, si wa sarufi.

SAA NA TAREHE

21. Muda hupimwa kwa ngazi tatu. Saa ni nukta: "at". Siku na tarehe: "on". Mwezi, mwaka na karne: "in". Tarehe ambayo watu wa Mwanza na Bukoba hawaisahau ni ile ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba: "on 21 May 1996". Ukiacha tarehe na kubaki na mwezi, ni "in May 1996". Ukibaki na mwaka pekee, ni "in 1996". Kanuni ni rahisi: siku ikionekana kwenye maneno yako, "on" huchukua usukani.

22. Asubuhi ni "in", usiku ni "at". Husemwa "in the morning, in the afternoon, in the evening", halafu ghafla "at night". Wavuvi wa dagaa huvua "at night", wakivutia samaki kwa taa, na wengi hupumzika mbalamwezi inapong'aa kwa sababu taa hazivuti tena. Lakini usiku wa siku maalumu hurudi kwenye ngazi ya siku: "on Friday night".

23. Saa mbili asubuhi si "at two". Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, Mwingereza kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Boti ya saa mbili asubuhi huondoka "at eight in the morning". Ukimwandikia mgeni "at two", kihusishi utakuwa umekipatia, na yeye bado atakuwa amechelewa kwa saa sita.

24. Maneno manne hufukuza kihusishi. Ni "last", "next", "this" na "every". Ngoma za Bulabo huko Bujora, Kisesa, huchezwa "in June" na hurudi "every June", si "in every June". Mkutano ni "next Monday", si "on next Monday". Hapa Kiswahili kinakusaidia: nasi husema "Jumatatu ijayo" bila kuweka chochote mbele.

25. "Since" hutaja mwanzo, "for" hutaja urefu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo mji una reli "since 1928", na umekuwa nayo "for more than ninety years". Ukiona tarehe, siku au tukio, tumia "since". Ukiona hesabu ya saa, siku au miaka, tumia "for". "Since three years" ni kosa ambalo msahihishaji huliona akiwa mbali.

VITENZI NA VIHUSISHI VYAKE

26. Vitenzi hivi havitaki msaidizi. "Discuss the price", si "discuss about". "Emphasize the point", si "emphasize on". "Request a loan", si "request for", ingawa nomino husema "a request for a loan". "Enter the room", si "enter into", isipokuwa unaingia mkataba: "enter into a contract". Afrika Mashariki yote hukosea hapa, kuanzia barua za maombi ya kazi hadi hotuba za kufunga semina.

27. Vingine haviendi bila msaidizi. Kiswahili husema "nisikilize", "ningoje", "nitazame". Kitenzi kimemeza kila kitu. Kiingereza hudai "listen *to* me", "wait *for* me", "look *at* me". Tofauti hii ina sababu: Kiswahili huweza kuweka kihusishi ndani ya kitenzi kwa kauli ya kutendea. *Andika* ikawa *niandikie*: "write *to* me". *Lipa* ikawa *lipia*: "pay *for*". Konda unamlipa, "pay the conductor". Tiketi unailipia, "pay for the ticket". Kwa hiyo unapokutana na kitenzi chenye -ia au -ea, shtuka: huenda Kiingereza kinadai "to" au "for".

28. Ndoa ni "to", si "with". "Ameolewa na mvuvi" ni "She is married *to* a fisherman." Ile "na" ya Kiswahili huwadanganya wengi. Vivyo hivyo "tofauti na" ni "different *from*". Lakini "na" ya kitenzi cha kutendwa ni "by": samaki "caught by" mvuvi, kitabu "written by" mwandishi.

29. Lugha ni "in", tafsiri ni "into". Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896, alikamilisha mwaka 1945 riwaya yake kubwa juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliiandika "in Kikerewe", kisha yeye mwenyewe akaitafsiri "into Swahili", na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980. "In" hueleza hali, "into" hueleza mwendo wa kuingia kwenye hali nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa sangara: yuko "in the lake", lakini aliletwa na kupandikizwa "into the lake" katika miaka ya 1950 na 1960.

30. Wasifu mfupi wa mtu mmoja hutosha kuwa mtihani mzima. "Julius Nyerere was born *in* Butiama *on* 13 April 1922. He died *of* leukaemia *at* St Thomas' Hospital *in* London *on* 14 October 1999, *at* the age *of* 77." Ugonjwa ni "die of". Hospitali yenye jina ni "at". Umri ni "at". Mwanafunzi akiweza kuandika wasifu wa babu yake kwa kufuata muundo huo bila kukosea, mengi ameshayashika.

31. "Between" haina kikomo cha wawili. Darasani hufundishwa kwamba "between" ni ya wawili na "among" ni ya wengi. Ukweli ni kwamba "between" hutumika hata kwa zaidi ya wawili iwapo kila mmoja anatajwa kivyake. Mkataba uliounda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994, ulikuwa "an agreement between Kenya, Uganda and Tanzania". "Among" hufaa kundi lisilotajwa majina: "among the fishermen". Na ukianza na "between", mwenzake ni "and": "between Mwanza and Bukoba", kamwe si "between Mwanza to Bukoba".

32. Redio ni "on", gazeti ni "in". Habari uliyoisikia Radio Free Africa, inayotangaza kutoka hapahapa Mwanza, uliisikia "on the radio". Mazungumzo ya simu ni "on the phone", ujumbe ni "on WhatsApp". Habari ya gazeti ni "in the newspaper", lakini ipo "on page 5". Mtu aliye pichani yuko "in the photo".

33. Nguo huchukua "in". Mchuuzi wa Kirumba Mwaloni aliyejifunga kitenge chekundu ni "the woman *in* the red kitenge". Ndoo aliyobeba ni "with": "the woman *with* the bucket". Na dagaa wake wameanikwa "*on* the sand" na "*in* the sun", si "under the sun".

34. Kihusishi kinaweza kumaliza sentensi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson kwa kuweka kihusishi mwishoni mwa sentensi, na walimu wengi wakaja kuigeuza kauli hiyo kuwa amri. Waingereza wenyewe hawaifuati: "the boat I travelled in" ni Kiingereza safi. Sisi huweka kazi hiyo ndani ya kitenzi: *boti niliyosafiria*. Mwanafunzi asikatwe alama kwa hilo.

JIPIME

Jaza nafasi, kisha tazama majibu chini.

a) The dagaa are drying ___ the sun ___ the rocks.
b) We arrived ___ Kamanga ___ six o'clock.
c) She was born ___ Ukara ___ a Friday.
d) He came ___ a bodaboda, not ___ bus.
e) They discussed ___ the price of sato.
f) My sister is married ___ a captain.

Majibu: a) in, on. b) at, at. c) on, on. d) on, by. e) acha wazi. f) to.

Ukipata zote sita, mwite mwenzako na umpe mtihani huu bila kumwonyesha majibu. Ukikosa hata moja, tunga leo sentensi tano za mtaani kwako, iwe Igoma, Nyakato au Pasiansi, na kabla hujaandika kihusishi jiulize swali moja: hapa ni chombo, ni uso, au ni nukta?